Kinini, kutwa na masaa: maneno matatu mlangoni mwa farmasi

Wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, na mimi ni mgeni wenu. Nasoma farmakolojia, yaani elimu ya dawa na mwili, katika chuo kikuu cha serikali, na kwetu ni Nyamianda, mjini Uvira. Nimeomba nafasi hii ili niwaletee kazi ambayo sisi wa dawa hatuwezi kuimaliza peke yetu. Ni kazi ya maneno, lakini likikosewa neno moja mgonjwa anaweza kupata nusu ya dawa aliyostahili, au mara mbili yake.

Farmakolojia husomwa kwa maswali mawili makubwa. La kwanza: mwili unaifanyia nini dawa? Hapo tunajifunza jinsi dawa inavyoingia, inavyosambaa, inavyovunjwavunjwa na ini, na inavyotolewa na figo. La pili: dawa inaufanyia nini mwili? Hapo tunajifunza inashika wapi, inazuia nini, inaua mdudu gani, na inadhuru kiungo gani ikizidi. Kila dawa tunayoisoma hupitishwa katika maswali hayo mawili, na mitihani yetu hutoka humo. Lakini nyuma yake kuna swali la tatu ambalo halimo katika ratiba: mgonjwa alisikia nini?

Swali hilo si la Kongo peke yake. Kule Dar es Salaam, shule ya tiba iliyoanzishwa mwaka 1963 ndiyo leo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, hadhi iliyoipata mwaka 2007. Wanafunzi wake husoma kwa Kiingereza, kisha wakiingia wodini humkuta mgonjwa anayezungumza Kiswahili. Kwetu darasa ni la Kifaransa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba. Mtu wa Uvira anaweza kuwa na Kivira, Kifuliiru au Kibembe nyumbani kwake, lakini mlangoni mwa farmasi wote hukutana kwa Kiswahili. Basi dawa husomwa kwa lugha moja na kunywewa kwa lugha nyingine, na anayefasiri kati ya hizo mbili hakufundishwa kufasiri. Nimechagua maneno matatu ili tuone jambo hilo kwa karibu.

Somo la kwanza: kinini

Mazungumzo kama haya husikika kila siku katika vituo vyetu vya afya:

— Mama, mbele ya kuja hapa ulikunywa dawa gani?
— Nilikunywa kinini tu.
— Kinini gani, mama?
— Ile nyeupe, ya kichwa.

Kwa msemaji wa Uvira hakuna ajabu hapo. Kinini ni kidonge, kidonge chochote. Kimoja ni kinini. Vikiwa vingi, mazungumzo ya kila siku husema binini, na anayejikaza kusema kama vitabuni husema vinini. Majirani zetu wa Kinyarwanda na Kirundi nao wana ikinini na ibinini kwa maana hiyo hiyo.

Neno lilitoka katika Kifaransa, ambako jina la dawa ya kwinini hutamkwa karibu na kinini. Lilipofika katika vinywa vya Kibantu, silabi yake ya kwanza ilifanana na kiambishi cha ngeli ya ki-/vi-, na wasemaji wakalipa wingi. Mnajua njia hiyo: kitabu lilitoka Uarabuni na ki- iliyokuwa sehemu ya shina, nasi tukapata vitabu. Kiswahili cha pwani, kilicholichukua neno hilo kupitia Kiingereza, kilipata kwinini, na kwi- haikuweza kuingia katika ngeli hiyo. Kwa hiyo kwinini ilibaki kuwa jina la dawa moja, na kinini ikawa jina la vidonge vyote. Chanzo ni kimoja, lakini maana zimeachana.

Upanuzi huo wa maana una historia nyuma yake. Kwinini hutoka katika magome ya mti wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou waliitenga na magome hayo, na tangu hapo ikawezekana kuipima kwa uzani badala ya kukisia unga wa magome. Mti huo ulipandwa pia Kivu wakati wa ukoloni, na mji wa Bukavu ulijulikana kwa kiwanda cha Pharmakina kilichotengeneza kwinini kutokana na magome hayo. Kwa miaka mingi kidonge ambacho watu walikifahamu zaidi kuliko vyote kilikuwa hicho kichungu cha malaria. Haishangazi kwamba kikageuka jina la ukoo mzima.

Sasa tazameni hatari yake. Kwinini ikitolewa kwa njia ya mshipa kwa mgonjwa wa malaria kali, kanuni ni kuanza na dozi kubwa ya miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kisha miligramu 10 kwa kilo kila baada ya muda wa saa nane. Lakini mgonjwa aliyekwisha kupata kwinini katika saa 24 zilizopita hapewi dozi ile kubwa ya mwanzo, kwa sababu kwinini ikizidi huudhuru moyo na hushusha sukari ya damu. Mpeni daktari aliyetoka mbali, aliyezoea kwinini ya vitabuni, jibu la mama yetu: “Nilikunywa kinini.” Anaweza kuiacha dozi ya mwanzo kwa mtu aliyemeza parasetamoli tu. Geuzeni upande wa pili: muuguzi mzaliwa wa hapa amsikie mzee akisema amekunywa kinini, aichukulie kuwa kidonge chochote, kumbe mzee huyo alikunywa kwinini yenyewe. Yeye atapewa mno.

Mwili husaidia pale neno linaposhindwa. Aliyekunywa kwinini kwa siku kadhaa mara nyingi husema masikio yanavuma na maneno ya watu anayasikia kwa mbali. Muuguzi makini huuliza habari ya masikio. Lakini bora zaidi ni kuuliza: “Kinini gani?” na kuendelea kuuliza mpaka jina litoke, au mpaka plaketi ile, karatasi ngumu iliyoshika vidonge, iletwe kutoka nyumbani na kusomwa.

Siku hizi kwinini yenyewe imesogezwa nyuma. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika nchi tisa za Afrika, Kongo, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwamo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Katika waliopata kwinini walikufa asilimia 10.9, katika waliopata atesuneti walikufa asilimia 8.5. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likaiweka atesuneti mbele kwa watoto wa Afrika. Dawa imeondoka katika nafasi yake ya kwanza, lakini jina limebaki, na sasa limelivaa kila kidonge.

Tena hatari haiko kwenye kwinini tu. Mtu mzima asipite gramu 4 za parasetamoli katika saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye “kinini ya kichwa” kutoka duka moja na “kinini ya homa” kutoka duka jingine anaweza kuwa na parasetamoli mikononi mwote wawili, akahesabu dawa mbili pale ambapo ini lake linahesabu moja.

Sisemi tulifukuze neno kinini. Ni neno zuri, limejenga ngeli yake lenyewe. Nasema ni jina la jumla, na jina la jumla huomba jina la pekee lifuatie, kama vile mtu akisema “samaki” muuzaji wa Kalundu atakavyomuuliza kama anataka mukeke au ndagala.

Somo la pili: kutwa

Bahasha za dawa za ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, huandikwa mara nyingi “kutwa mara tatu”. Maneno hayo yamekaa vizuri mdomoni, na kila mtu hudhani anayaelewa. Lakini mtu wa lugha atauliza: kutwa ni nini?

Tunasema usiku kucha na mchana kutwa. Kucha ni kule kuja kwa asubuhi: usiku mpaka kuche. Kutwa, au kuchwa, ni kule kuzama kwa jua: mchana mpaka lituwe. Ndiyo sababu anayetaka kutaja muda wote bila kubakiza hulazimika kutamka yote mawili: kutwa kucha. Kwa maana yake ya asili, basi, “kutwa mara tatu” ni mara tatu kabla ya jua kuzama. Usiku haumo.

Mgonjwa mtiifu anayelifuata neno hilo atakunywa saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni. Kati ya dozi ya kwanza na ya pili ni muda wa saa sita, kati ya pili na tatu ni sita, kisha usiku mzima wa saa kumi na mbili bila kitu. Je, kuna madhara? Hapa turudi kwenye swali la kwanza la farmakolojia.

Kila dawa ina muda wake ambao nusu yake hutoka damuni. Kifaransa hukiita kipimo hicho kwa maneno yenye maana ya “nusu ya maisha”, na vitabu vya fizikia vya Kiswahili vina nusu-uhai. Kwa mgonjwa mimi husema “muda wa nusu”, maana ukimwambia mtu aliyelala kitandani habari ya nusu ya uhai, hatafikiria dawa. Muda wa nusu wa amoksisilini ni kama saa moja hivi. Tuchukue saa moja kamili, na tuseme damuni zimo miligramu 512, kwa sababu ni namba inayogawanyika vizuri. Baada ya saa moja zitabaki 256, kisha 128, 64, 32, 16, 8, 4, na ikitimia saa ya nane zimebaki 2. Mkiendelea hadi saa ya kumi na mbili, kimebaki kiasi cha sehemu 1 ya miligramu iliyogawanywa mara 8. Na dawa za ukoo huu huua bakteria kwa kadiri zinavyokaa juu ya kiwango fulani: kinachohesabiwa ni urefu wa muda kuliko ukubwa wa dozi. Pengo refu la usiku ni nafasi ya bakteria kupumua.

Si kila dawa iko hivyo. Azithromaisini ina muda wa nusu wa karibu siku 3, ndiyo maana hunywewa mara moja tu kwa siku, na kwake yeye kutwa na kucha ni mamoja. Zipo pia dawa ambazo mara tatu za mchana zinamtosha mgonjwa, na daktari hataki aamshwe usiku. Lakini uamuzi huo uwe wa daktari. Usiachwe mikononi mwa neno moja.

Wala tusidhani kwamba Kiswahili ndicho pekee chenye upungufu. Madaktari wa zamani waliandika kwa Kilatini herufi tatu zenye maana ya “inywewe mara tatu kwa siku”, na neno lao la siku nalo hubeba mchana na hubeba saa 24. Kifaransa nacho ni hivyo hivyo. Kila lugha imekutana na shida hii, na ile iliyotaka usahihi iliacha kuhesabu mara, ikahesabu muda kati ya mara.

Kwetu kuna sababu moja zaidi ya kuwa waangalifu. Mvuvi wa ndagala huingia ziwani usiku, taa zikiwaka juu ya maji, hasa zile siku za giza ambapo mwezi hauonekani. Hurudi alfajiri, hulala mchana. Ukimwambia asubuhi, mchana na jioni, umempangia dawa katikati ya usingizi wake na kumwacha bila dawa katika saa zake za kazi. Mtu huyo haambiwi kutwa. Huulizwa kwanza: “Ndugu, wewe unalala saa ngapi?”

Somo la tatu: masaa

Hapa ndipo ninapowahitaji zaidi, na najua baadhi ya walimu watakunja uso.

Sarufi tunayofundishwa inasema saa iko katika ngeli ya 9/10, umoja saa, wingi saa. Masaa ni kosa, na mwalimu hulikata kwa kalamu nyekundu. Lakini neno saa limebeba mizigo mitatu. Ni chombo: saa ya ukutani. Ni wakati fulani wa siku: saa nane mchana. Ni urefu wa muda: alisubiri saa nane. Mizigo miwili ya mwisho ndiyo inayogongana mlangoni mwa farmasi.

Mwambie mgonjwa: “Kunywa kila saa nane.” Anaweza kuelewa kila ikifika saa nane, yaani mara moja kwa siku, baada ya chakula cha mchana. Dozi tatu zimekuwa moja. Rekebisha, sema: “Kunywa baada ya saa nane.” Sasa amesikia saa nane ikishapita. Ongeza neno: “kila baada ya saa nane”, imekuwa afadhali, lakini mwenye homa, aliyebeba mtoto mgongoni, hasikilizi viunganishi kwa makini. Kisha mwambie: “Kila masaa nane.” Hakuna anayekosea. Hakuna mtu wa Uvira, wala wa Bukavu, anayeweza kuyasikia masaa akafikiria mshale wa saa. Masaa ni muda, basi.

Kwa maneno mengine, wasemaji wametengeneza tofauti ambayo sarufi haikuwa nayo. Saa imebaki kwa wakati unaotajwa, masaa kwa muda unaohesabiwa. Kiambishi ma- hakikuokotwa ovyo: ndicho kinachokusanya vitu vya wingi na ujazo, maji, mafuta, maziwa. Na Kiswahili sanifu chenyewe kimekwisha kukubali ma- kwa majina yasiyokuwa nayo hapo zamani. Tunasema marafiki bila aibu, na hakuna anayekatwa alama.

Najua hoja ya upande wa pili. Tukikubali masaa leo, kesho tutaombwa tukubali kila kitu kinachosemwa sokoni, na lugha itakayotuunganisha na Kigoma, Mombasa na Zanzibar itatawanyika. Hoja hiyo naiheshimu. Kiswahili kinatufaa hasa kwa sababu kinavuka ziwa. Lakini masaa si neno la Uvira peke yake; husikika kote Kiswahili kinakozungumzwa, na ndiyo sababu walimu kila mahali wamechoka kulisahihisha. Usanifishaji ni kuchagua, na kipimo kimojawapo cha kuchagua kiwe hiki: ni umbo lipi linalomwacha msikilizaji na maana moja tu? Kwa kipimo hicho, kwenye bahasha ya dawa, masaa yanaishinda saa. Kama agreementi ya “masaa nane” inawakera, andikeni “masaa manane”, maana haitapotea.

Kuna njia ya kuwaridhisha wote wawili, nayo ni kutaja saa zenyewe. Mara tatu kwa mapengo sawa ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Toeni nne kila mara: kumi na mbili, nane, nne, kisha mnarudi kumi na mbili. Hesabu yetu ya saa, inayoanzia kwenye macheo, imeupanga mzunguko huo kwa namba ambazo hata mtoto wa shule hazimtoki. Nasikia raha kila ninapouandika hivyo kwenye kibahasha, kwa sababu kwa mara moja lugha na dawa zimekubaliana.

Mazoezi

1. Kinini, kitabu na kilabu yameingia katika ngeli ya ki-/vi- kwa njia moja. Tafuta majina mengine ya mkopo katika Kiswahili cha mji wako yaliyofanya hivyo, na mengine yaliyoanza na ki- lakini yakakataa wingi wa vi-. Eleza kwa nini.

2. Dawa mseto ya malaria ya atemeta na lumefantrini ina dozi sita kwa siku tatu. Ya pili hunywewa muda wa saa nane baada ya ya kwanza. Zilizobaki hunywewa asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu mafuta huisaidia lumefantrini kuingia damuni. Mama Fulani amempa mtoto dozi ya kwanza saa kumi jioni. Andika maagizo yake yote kwa sentensi zisizozidi nne, bila neno kutwa, na bila saa yenye maana mbili. Kisha mpe mtu ambaye hakusoma makala haya, mwambie akueleze atafanya nini. Ukikuta ameelewa kwamba dozi ya pili ni saa sita usiku, sentensi zako zimefaulu.

3. Pakiti moja ya chumvi na sukari ya kuzuia maji kuisha mwilini huchanganywa katika lita moja ya maji safi. Uvira ni mji unaojua kipindupindu, na pakiti hiyo si ngeni. Lita ndiyo isiyo na chombo chake katika nyumba nyingi. Kuna chupa ya lita moja na nusu, kuna ya nusu lita, kuna kopo na kuna bidoni. Maji yakizidi dawa hupoteza nguvu. Yakipungua chumvi huzidi, na mtoto huumia. Andika maelezo ambayo mtu mwenye chupa ya nusu lita ataweza kuyafuata bila kuuliza.

4. Mjadala wa darasa: “Kamusi ijayo ya Kiswahili sanifu iingize masaa kwa maana ya muda.” Kundi moja litetee, jingine lipinge, na kila kundi lilete angalau mfano mmoja ambapo umbo linalolitetea humwokoa msikilizaji asikosee.

Majibu ya zoezi la pili na la tatu yangefaa kubandikwa ukutani mwa kituo cha afya kilicho karibu nanyi, ikiwa wahudumu wake watayakubali. Sisi wa dawa tutahakiki miligramu na masaa. Nyinyi hakikini maneno.